Wikio Jipya Mkomani!

Jamani, imekwisha! Ile nyumba ya mawe ya Mkomani, Lamu, iliyofunikwa maturubai kwa muda mrefu hata wapita njia wakazoea kuipita bila kuinua macho, imefunguliwa. Nimeingia. Nimepanda hadi darini, nikashuka, nikapanda tena. Wenyewe bado hawajahamia, na hiyo ndiyo bahati yangu, kwa sababu nyumba ya Lamu ikishakaliwa, mgeni kama mimi hukomea dakani, ukumbi wa nje mlangoni, akapewa kahawa na heshima zake zote, basi. Safari hii nimepitishwa mpaka nyumba ya kati, pahali ambapo kwa desturi hata jamaa wa mbali hapaoni. Na nalisema mapema ili nisimzungushe mtu: katika nyumba zote za kale nilizoona zikitengenezwa upya pwani hii, kuanzia Pate hadi Mji Mkongwe wa Unguja, sijaona iliyotengenezwa vizuri kama hii.

Nyumba imeongezwa, tena imeongezwa sana, karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Lakini hakuna ukuta hata mmoja wa zamani uliobomolewa ili iongezwe! Hapo ndipo nilipoduwaa.

Familia ilikuwa imebanwa. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima, magoti yamechoka. Binti yake ameolewa, ana watoto, na mumewe anafanya kazi ya kompyuta humo humo nyumbani. Wote walitaka kuishi pamoja, na wote walitaka faragha. Jawabu linalopendwa siku hizi sote tunalijua: vunja kuta za ndani upate sebule pana, mwaga zege juu, pandisha ghorofa, paka rangi. Mji wa Lamu una nyumba zilizofanyiwa hivyo, na ukizitazama kwa makini utaona nyufa zake.

Hawa walikwenda kuwauliza wazee: zamani nyumba ziliongezwaje? Wakaonyeshwa kitu ambacho kila Mwamu hupita chini yake kila siku. Mzazi mwenye uwezo alipomwoza binti yake alimpa nyumba, na hakumpeleka mbali. Alimjengea ubavuni, au juu ya nyumba yake, na kama njia ilikatiza katikati, alijenga chumba juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili. Hilo ndilo wikio. Wanawake wa ukoo mmoja walitembeleana juu kwa juu, bila kushuka barabarani. Kwa hiyo nyumba za Lamu hazikuwahi kuwa vitu vilivyokamilika siku moja. Zilikua kizazi kwa kizazi, harusi kwa harusi. Kuongeza nyumba ndiyo mila yenyewe!

Nyuma ya nyumba hii, ng'ambo ya kichochoro, palikuwa na gofu la ukoo huohuo, kuta nusu, mbaazi zimeota ndani. Sasa gofu limesimama nyumba nzima ya binti, na juu ya kichochoro limepita wikio jipya.

Simama chini yake kwanza, usiwe na haraka ya mlango. Boriti zimelazwa zimegusana na kivuli cha baridi kimeanguka chini. Kimo chake kimepimwa kwa punda aliyebeba, na nilishuhudia kipimo hicho kikifanya kazi: punda wawili walipita na mifuko ya mchanga, mwenye nao hakuinamisha kichwa. Vipimo vya njia za Lamu ni vya punda na binadamu. Magari hayaingii mji huu wa kale, na kila jiwe la nyumba hii limefika kwa mashua kisha kwa mgongo wa mnyama. Chokaa ya wikio bado ina weupe mkali wa upya. Mvua mbili tatu zitautuliza ufanane na ndugu zake.

Sasa ingia. Daka limerudishiwa baraza zake mbili za mawe, ambazo mtu fulani huko nyuma alizivunja apate pa kuweka pikipiki. Mlango ni uleule wa mbambakofi, umekwanguliwa rangi za mafuta tabaka kwa tabaka mpaka nakshi zikajitokeza. Lamu ni mji wa Muhamadi Kijumwa, aliyekuwa mshairi na mchonga milango kwa wakati mmoja, na hapa ndipo unapoelewa jinsi kazi hizo mbili zilivyoweza kukaa katika mkono mmoja. Unapita tekani, kiukumbi cha ndani ya mlango, unakata kona, maana mlango wa nje haukuonyeshi ndani hata kidogo, kisha unatokea kwenye kiwanda, ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Nuru inakumiminikia ghafla!

Kutoka kiwandani unapanda ngazi, na huko juu nyumba inajipanga kwa mpango ambao ni wa karne ya 18, na hakuna mpango wa nyumba ninaoupenda kuliko huu. Vyumba virefu vyembamba vimepangana sambamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, chumba cha ndani, kisha nyumba ya kati. Kila ukivuka kizingiti sakafu inapanda kidogo, mwanga unapungua kidogo, na faragha inaongezeka. Misana inaelekea kaskazini, ambako kwa Lamu ndiko pia kibla, maana Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya mji huu. Mchora ramani wa nyumba hizi aliyefanya kazi kubwa, Usam Ghaidan, alichapisha utafiti wake mwaka 1975, na fundi aliniambia michoro ya namna hiyo ilikuwa mezani siku zote za kazi.

Na wembamba huo wa vyumba, ambao kila mnunuzi wa kigeni huuona kuwa kasoro? Unatokana na boriti. Mti wa mkoko huvuka mita 2.5 hadi 3 hivi bila kupinda, basi chumba hakizidi hapo. Ukitaka chumba kipana lazima uondoe boriti uweke zege na nondo, na zege ina uzito ambao ukuta wa matumbawe na chokaa haukujengwa kuubeba. Nondo nazo, katika hewa ya chumvi ya Lamu, huliwa na kutu, zikavimba, zikapasua zege kutoka ndani. Wenye nyumba hii waliambiwa hayo wakayakubali. Upana waliokuwa wakiutaka wameupata kwingine, na nitafika huko, subiri kidogo.

Kuna jambo la ghorofa ya chini ambalo haifai kulipita. Katika nyumba kubwa za aina hii, chini palikuwa ghala na makazi ya watumwa. Familia iliishi juu. Ndiyo sababu dari huko ni la chini na matundu ya hewa ni finyu. Wenyewe hawakulificha, walinieleza bila kuulizwa. Leo huko ndiko kwenye chumba cha mama mwenye nyumba mwenyewe. Ukuta wa matofali uliojengwa baadaye kukizuia kiwanda umeondolewa, milango miwili mipana imefunguliwa uani, na choo cha kisasa kiko hatua chache kutoka kitandani.

"Nilimwambia fundi, mwanangu," aliniambia mama huyo akiwa amekaa kwenye kiti chake uani, "mimi nimezaliwa humu. Nipatie choo nisichokipandia ngazi, mengine yaacheni kama yalivyo."

Hakika ndivyo yalivyoachwa.

Sasa chokaa! Hapa nitakaa, mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo nyumba hii ilipopona, na ndipo nyumba nyingine nyingi za mawe zinapofia. Ukuta wa Lamu una unene wa nusu mita hivi, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukuta huo hunywa unyevu: wa ardhini, wa mvua, wa bahari. Kisha mchana huutoa kwa jua na upepo. Ukiupaka saruji umeuziba. Unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, lipu ikavimba, ikapasuka, ikabanduka na vipande vya jiwe. Na mabaya zaidi huyaoni: vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza polepole, mpaka siku dari linapoinama. Nyumba nyingi za mawe hazikubomolewa na umri. Zilibomolewa na mfuko wa saruji uliopakwa kwa nia njema.

Hapa saruji ya zamani ilikwanguliwa yote, chumba kwa chumba. Kisha wakachoma chokaa yao kwa njia ya wazee: matumbawe yakapangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, yakamwagiwa maji yakafumuka unga, unga ukalazwa majini uive. Hakuna kuharakisha. Tabaka la kwanza likikauka ndipo la pili, na la mwisho kabisa ni niru, chokaa laini inayosuguliwa kwa kijiwe mpaka inang'aa. Nilipitisha kiganja. Ni baridi, laini, haina mstari hata mmoja wa mwiko. Bafu zote za nyumba hii zimepakwa niru badala ya vigae, na nimetoka nikiapa kwamba kigae chochote kwangu sasa ni jambo la pili.

Katika chumba cha ndani nilimkuta fundi mkuu amepiga magoti mbele ya zidaka. Ukuta mzima ni vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba wa zamani walipanga vyombo vya kaure kutoka China. Alikuwa anamalizia kona ya kidaka kimoja cha chini, mkononi ana kisu kidogo kilichosagika hadi kubaki nusu. Anakwangua uzi mmoja wa chokaa, anapuliza vumbi, anarudi nyuma kutazama, anakwangua tena. Kona ya zamani upande wa kushoto na kona yake mpya upande wa kulia: nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia ukuta, nikashindwa kusema ipi ni ipi.

"Sabalkheri, fundi. Humu saruji umetia wapi?"

"Akheri, mwanangu. Humu hamna. Ukuta huu ukinusa saruji utaugua."

Nyumba ya kati, iliyo nyuma ya chumba hicho, ilikuwa mahali pa wanawake kujifungulia na mahali pa kuoshea maiti wa nyumba. Wameipaka niru mpya, wakatia taa moja, na wameafikiana wote kwamba haitageuzwa stoo. Nimependa sana uamuzi huo.

Haya, maisha ya leo yameingia wapi? Kila mahali, ila hayajipigii makelele. Nyaya za umeme zimepita ndani ya mabomba membamba kandokando ya boriti, zikashuka katika tabaka la lipu tu bila kuchimba jiwe. Feni zimening'inizwa darini. Viyoyozi havimo katika nyumba ya zamani, na kwa kimo cha dari zile na kiwanda kinachovuta hewa, nilikaa humo saa za adhuhuri sikutokwa na jasho. Mabomba ya maji yote yameshushwa kwenye mfereji mmoja wa wima uani, wenye kifuniko cha mbao kinachofunguka, ili bomba likivuja lionekane siku hiyohiyo badala ya kunywesha ukuta mwaka mzima. Hata waifai imefikiriwa! Kuta nene kiasi hicho humeza mawimbi, kwa hiyo kila msana umevutiwa waya wake na kifaa chake, kimefichwa kidakani nyuma ya chetezo.

Na birika la bafu la juu wamelibakiza. Zamani birika la Lamu lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake huzamishwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuogelea. Niliinama nikatazama: samaki wamo! Wanazunguka juu ya bakuli, na juu yao bomba la mvua la kisasa linang'aa. Nilicheka kwa furaha peke yangu.

Tangi la maji ndilo lililonifanya nimpe fundi mkono. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na kila siku mtu huiweka tani hiyo juu ya paa la karne ya 18, kisha akashangaa ufa umetoka wapi. Hapa tangi kubwa limekaa chini, upande wa nyumba mpya, juu ya msingi wake lenyewe, na pampu hupandisha maji kidogo kidogo. Sisi watu wa pwani tumekwisha kuona uzito wa mambo haya: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Nyumba ya mawe haina mzaha.

Tuvuke wikio. Lenyewe ni chumba, chenye kitanda cha kamba na dirisha lenye kimia cha mbao, unaona njia bila kuonekana. Upande wa pili ni kwa binti. Kuta za chini ni za mawe na chokaa vilevile, ila juu mambo yamegeuka, na hapa ndipo penye ule upana! Paa la makuti limepandishwa juu ya nguzo za mbao, jepesi, limevuka chumba kizima bila ukuta katikati, na sebule imekaa chini yake imefunguka pande mbili. Kaskazi ikivuma inapita, kusi ikivuma inapita. Mbele yako ni mapaa ya Mkomani, minara, mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda ng'ambo. Uzito wote uko juu ya kuta mpya. Nyumba ya mama haikubebeshwa hata kilo moja ya paa hilo. Mtu aliyefikiria hivi ana akili!

Jiko nalo liko juu, na watu wa bara huona ajabu. Lakini ndipo lilipokuwa, kidari cha meko, ili moshi na joto viende zake angani badala ya kupanda vyumbani. Sasa kuna jiko la gesi, sinki la kina kirefu la kuoshea samaki, friji, kabati za mbao zenye miguu ili hewa ipite chini, na mbuzi ya kukunia nazi iliyotoka kwa nyanya yake mama. Paneli za jua zimelazwa nyuma ya ukingo wa paa, na kutoka njiani huzioni.

Nina manung'uniko yangu, na nimewaambia wenyewe. Taa za chumba cha ndani ni nyeupe mno, zinaua vivuli vya zidaka, na zidaka bila vivuli hazina uhai; watie za manjano, tena chini. Ukingo wa paa la binti ni mfupi kwa nyumba yenye watoto wanaotambaa. Ngazi ya zamani ni ya wima, na kamba ya kushikia peke yake haitoshi. Makuti huwaka, na ingawa nimeona mitungi miwili ya kuzimia moto, ningetaka na mpira wa maji uliofungwa tayari. Haya yote hurekebishwa kwa siku chache.

Kibali kilichukua subira. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na tangu miaka ya 1980 umekuwa na mpango wake wa uhifadhi uliochorwa na Francesco Siravo na Ann Pulver kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Huwezi kuamka tu ukajenga juu ya njia. Wenyewe walipeleka michoro, ikarudishwa, wakaibadilisha, wakaipeleka tena. Mwisho wikio lilipita, na kwa maoni yangu lingefaa kuonyeshwa kila mwombaji mwingine kama mfano.

Basi, kama una nyumba ya mawe ya urithi, iwe Lamu, Siyu, Mombasa au Unguja, usianze na mtu wa saruji. Mwite fundi wa chokaa, mpandishe darini akugongee boriti moja moja akuambie ipi nzima na ipi imeoza, kisha ndipo uzungumze naye habari ya vyumba vya kuongeza. Nyumba hii itakaliwa karibuni na mlango utafungwa kama inavyostahili, lakini Lamu ina nyumba ya Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho, iko wazi kwa kila mtu, nenda ukaone zidaka kwa macho yako. Na mafundi wa chokaa waliobaki wanajulikana mjini. Wapeni kazi, na kama kuna kijana nyumbani asiye na shughuli, mpelekeni akawashikie mwiko.